Uji wa Wafula Ulivyofichwa Ndani ya Ndege

Nakuru, Alhamisi, mwezi wa nane, 1957

Mvua tangu alfajiri, ile nyembamba isiyo na haraka. Makaa yamelowa, jiko linanitolea moshi badala ya moto. Wafula amelala. Kila mara naenda kumtazama kama anapumua, ingawa najua anapumua. Ndivyo nilivyo.

Nimekasirika. Niandike hivyo hivyo. Mwalimu wa kisomo cha akina mama kanisani alituambia mtu aandike siku yake kama ilivyokuwa. Basi jana nilidharauliwa, na leo nami nadharau.

Watu wa hapa kwenye nyumba za reli wanakuja tangu asubuhi kuniuliza, ndege ni kitu gani? Wanataka niwaambie mawingu. Mama Nekesa wa mlango wa pili amekuja na sukari kabisa ili nisimulie vizuri. Nikamwambia, dada yangu, ndege ni nyumba yenye mabawa ambayo mwenyewe hajui kupokea mgeni. Akacheka, akafikiri natania.

Sitanii.

Hatukupanda ndege kwa kujivuna. Wafula ana miaka minne, na tangu mwaka jana macho yake yalianza kuwa meupe katikati, mtoto wa jicho, akawa anagonga viti na kuniita mimi nikiwa hapo mbele yake. Daktari kule Kampala amempasua macho yote mawili, akashona, akafunga bandeji kichwa kizima. Siku ya kutuaga aliniambia maneno ambayo nimeyabeba kama mayai: asilie sana, asitapike, asiinamishe kichwa. Uzi wa jicho ni mwembamba kuliko unywele. Ukikatika, jicho ni kama maji, likimwagika halizoleki. Ndiyo sababu wamisheni walitukatia tiketi ya ndege. Gari la moshi lingemtikisa mchana na usiku.

Kwa hiyo mimi nilitaka kitu kimoja tu katika safari ile. Mtoto asilie mpaka Nakuru.

Pale Entebbe, mlangoni mwa ndege, alisimama memsahibu wa ndege. Kijana, kofia imelalia sikio, midomo myekundu, viatu vinang'aa utafikiri havijawahi kukanyaga chini, ananukia sabuni ya bei. Amefumbata mikono mbele, anatabasamu. Nikafurahi. Nikasema moyoni, huyu ndiye mwenye nyumba.

Nikampa kikapu changu.

Hapa ndipo watu watanicheka, na wacheke tu. Kwetu mgeni haingii mikono mitupu, na mwenye nyumba humpokea kikapu pale pale mlangoni akakipeleka jikoni. Huulizi kinakwenda wapi. Kilicho chake atakitoa, kilicho cha mtoto wako atakipasha moto akuletee, na ukiondoka kikapu kinarudi na kitu ndani. Nilikuwa nimewawekea wenye ndege ndizi mbivu na njugu za kukaanga. Chini kabisa, nimeizungushia kitambaa, ilikuwa chupa ya uji wa wimbi wa Wafula.

Alikipokea kwa vidole viwili. Kama mtu anayetoa panya kwenye maziwa. Akampa boi wa ndege, mtu mweusi kama mimi, koti jeupe, vifungo vya kung'aa, na yule akapotea nacho nyuma ya pazia, huko mkiani.

Sisi tukapelekwa kiti cha mbele kabisa. Nikaona ni heshima. Kumbe hapo ndipo injini inapopiga kelele mpaka meno yanagongana, na wenye pesa zao hawakai hapo.

Kabla hatujapaa, memsahibu akapita na sinia ya peremende. Akampa huyu, akampa yule, akampa mama mmoja wa Kihindi aliyekaa upande wa pili. Alipofika kwangu akaitazama bandeji ya Wafula, akageuka kama aliyesahau kitu jikoni. Sikujali. Nilidhani peremende ni anasa tu. Hakuna aliyenieleza kwamba ni za masikio.

Ndege ikapanda, na Wafula akashika masikio yake kwa mikono miwili. Mdomo ukaanza kutetemeka. Mimi namsugua, namwimbia, sijui hata ni nini kinachomuuma. Yule mama wa Kihindi akafungua pindo la sari yake, akatoa peremende.

"Patia yeye hii, mama. Nyonya, toto, nyonya! Sikio tafungua."

Akanyonya, akanyamaza. Mungu ambariki mama yule. Hata hakuwa mwenye nyumba.

Tukatua Kisumu, tukapaa tena. Sasa ikaja njaa.

"Mama, uji."

"Unakuja, baba."

"Nani analeta?"

"Mwenye nyumba."

"Anachelewa," akasema Wafula.

Alichelewa kweli. Na mimi, mjinga wa adabu, nikakaa kimya. Nililelewa hivyo, mgeni hasemi njaa. Ukimwomba mwenye nyumba chakula umemwaibisha, basi unakohoa kidogo, unamtazama mtoto, unangoja. Nikakohoa. Na injini ile! Ningekohoa mpaka mapafu yatoke, nani angesikia?

Wakaleta chai na mikate iliyokatwa pembe pembe. Memsahibu akaja mpaka kiti cha nyuma yetu, akamimina, akatabasamu. Mimi akaniambia neno moja.

"Kwisha."

Imekwisha! Akaenda akakalia mkono wa kiti cha bwana mmoja mnene, mwenye shamba huko Subukia, nilimsikia akiitaja Subukia yake, wakawa wanacheka na kuwashiana sigara. Birika lilikuwa hapo hapo karibu na goti lake, linatoa mvuke. Sikuzaliwa jana. Chai iliyokwisha haitoi mvuke.

Nikainua mkono kama kule kisomoni. Aliutazama mkono wangu kama mtu anavyotazama mvua akiwa ndani ya nyumba.

Boi wa ndege akapita. Huyu nikamshika koti.

"Ndugu yangu, kikapu changu. Kuna uji wa mtoto."

"Ngoja kidogo, mama. Tuko na kazi."

Nikaiona kazi yenyewe. Alikwenda akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akachana nywele.

Memsahibu hanijui, wala mimi simjui. Lakini wewe, mwana wa mwanamke mweusi, ulilelewa kwa uji gani hata usisikie neno uji?

Halafu ndege ikaanza kuruka ruka juu ya milima ya Mau. Vikombe vikalia. Wafula, tumbo tupu, akaanza kujikunja, anatafuta kutapika na hana cha kutapika. Nikamweka kichwa juu, nikamshika paji la uso. Nikaliona chozi likitoka chini ya bandeji, upande wa kushoto. Kisha akavuta pumzi, ile ndefu ambayo kila mama anaijua, kile kimya kinachotangulia kilio.

Nikasimama.

"Wewe! Kaa! Kaa chini!"

Memsahibu, kwa mara ya kwanza, ameniona. Kwetu mbwa huitwa kwa sauti nzuri kuliko ile. Sitaficha, mimi ni mwoga, hata paka akiruka usiku naita Yesu. Lakini nilimbeba mtoto wangu begani, kichwa juu, nikashika kiti baada ya kiti mpaka mkiani, na nikafungua pazia.

Boi amekaa juu ya sanduku. Shavu limejaa. Maganda ya ndizi zangu yamelala magotini pake.

"Mama, huku hakuna ruhusa."

"Kikapu changu."

"Si ulituletea zawadi?"

"Ndizi niliwaletea. Uji je?"

Akameza. "Ile chupa? Mama, mimi nilifikiri ni pombe, busaa. Nikaificha nyuma ya magunia ya barua, memsahibu asije akakuletea taabu."

"Busaa! Ungeonja ungejua."

"Nimeonja," akasema, na hakuona haya. "Uji mtamu, mama."

Kweli, chupa ilikuwa imepungua. Nikakaa juu ya gunia la barua, nikamwekea Wafula chupa mdomoni. Uji wa baridi, lakini alikunywa kama ndama. Ile pumzi ndefu ikashuka taratibu. Kilio hakikuja.

Pazia likafunguliwa. Memsahibu, uso umekuwa mwekundu kama midomo yake.

"Toka! Hapa jikoni! Hapana ruhusa!"

"Najua ni jikoni, memsahibu," nikasema. "Nyumba yako imenishinda. Nimejipakulia mwenyewe."

Hakuelewa. Kwake yalikuwa maneno tu. Lakini kwetu mgeni haingii jikoni kujipakulia hata afe njaa, kwa sababu akiingia ametangaza kwa kijiji kizima kwamba mwanamke wa nyumba hii si mwanamke. Hakuna tusi kubwa zaidi unaloweza kumwachia mtu bila kuinua sauti. Mimi sijawahi kumfanyia hata mke wa shemeji yangu, na yule anastahili.

Boi alielewa. Alikung'uta maganda magotini, akatazama chini.

"Mama, hapo umetutukana."

"Basi umesikia."

Memsahibu akamuuliza kwa Kizungu mimi nimesema nini. Sijui alimjibu nini yule mwongo, lakini memsahibu alitabasamu tena, lile tabasamu la mlangoni, akanipigapiga bega, akarudi kwa bwana wake wa Subukia. Nadhani alimwambia nimeshukuru.

Nikabaki hapo jikoni mpaka tukatua. Wala hakuna aliyenifunga mkanda. Tukashuka uwanjani Nakuru, mvua inanyesha, Baba Wafula anatungojea na mwavuli wa kuazima, na nguo zake za kuchochea makaa ya gari la moshi, ameomba ruhusa kazini. Kikapu nilipewa mlangoni. Kitupu. Hata punje moja ya njugu hawakuniachia, hata asante ya kuweka ndani.

"Walikupokea vizuri?" Baba Wafula akaniuliza. Alikuwa amewaambia wenzake wote stesheni kwamba mke wake anakuja kwa ndege.

Nikamwambia, "Tumefika."

Usiku usingizi haukuja vizuri. Nililala nimekaa, nimemshika mikono asijisugue.

Leo asubuhi amekuja dresa wa misheni, yule wa kufunga vidonda, mtu mpole, anaosha mikono mpaka unachoka kumngoja. Nimemweleza yote, nikamweleza na chozi la kushoto. Akafungua jicho la kulia kwanza. Mimi nimeshika taa, nainama nami nione, namzibia mwanga, akaniambia, "Mama, weka mezani." Akatazama muda mrefu.

"Uzi uko," akasema.

Wafula akapepesa. Akageuza uso huku na huku kama kifaranga. Kisha akanyoosha kidole kwangu.

"Mama umevaa nyekundu."

Ndiyo, baba. Kitambaa changu ni chekundu. Nililia mimi badala yake, maana mimi sina uzi.

La kushoto bandeji imegandamana. Chozi lile liliingia ndani, likakauka na pamba. Dresa alijaribu kidogo akaacha. Ametia dawa ilainike, amesema tusilazimishe, atarudi kesho. Nilimuuliza kama uzi wa upande ule umeshika. Akasema, "Tutaona, mama." Nimekuwa nikilitafuna neno hilo tangu saa ile. Na kila nikilitafuna namwona yule mwanamke amekalia mkono wa kiti, na birika linatoa mvuke. Kazi yake ilikuwa watu wachache tu, kwenye chumba kimoja, wamefungwa mikanda, hawawezi hata kupotea. Mimi nyumba yangu ina chumba kimoja na jiko bovu, na hakuna mtoto aliyewahi kulia njaa ndani yake mimi nikiwa nacheka.

Wafula alipoamka kunywa maziwa ameniuliza, "Mama, yule mama wa ndege aliyenukia vizuri, alikuwa mzuri?"

Yeye hakumwona. Alimnusa tu.

Nikafikiri. Mtoto ndiyo kwanza anaanza kuona dunia, nianze kumwonyesha hii?

Nikamwambia viatu vyake vilikuwa vizuri sana.

Amelala tena sasa, upande wa kulia, kama dresa alivyosema. Nimempangia mto nyuma asigeuke. Nimemwambia Mungu kwamba jicho lile likifunguka salama nitamsamehe memsahibu yule, hodi kwake sipigi tena, lakini nitamsamehe. Lisipofunguka, sikumwahidi kitu.

Leo lilikuwa la kulia. Kesho ni la kushoto.