Kompyuta Mpya Iliyoukataa Mfumo wa Zamani

Karakana ya Miguu ya Bandia,
Nyuma ya Wodi ya Mifupa.
Jumapili, 9 Agosti.

Kaka yangu mpendwa,

Salamu tele zikufikie huko uliko, wewe na nyumba yako nzima. Mgongo unaendeleaje? Mama anauliza kama yale mafuta ya kuchulia yalifika, au yamekwama forodhani wanajichulia wao. Wifi yangu hajambo? Na wanangu je, yule mkubwa ameacha kung'ata kucha? Mwambie shangazi yake naye aliacha akiwa na miaka thelathini, asikate tamaa.

Sisi huku ni wazima. Presha ya Mama imetulia tangu aache kusikiliza taarifa ya habari. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio sijui nikuambieje.

Najua unangoja jibu moja tu. Umeniandikia mara ya pili sasa kwamba ile nafasi kwenye karakana ya huko itanisubiri hadi mwisho wa mwezi, na kwamba mwenyewe ameshaulizia hata saizi ya koti langu la kazi. Nivumilie kidogo. Jibu utalipata, lakini nikilitupa hivi hivi utaniona sina shukrani.

Ile barua ya kuacha kazi niliipeleka, kama nilivyokwambia. Mkuu wetu aliipokea vizuri, akanishika mkono na kunitakia heri. Huyu ndiye tunayemwita Mzee Kesho, kwa sababu hakuna jambo asilokuahidi kesho. Basi, wiki ile ile umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo. Nikasikia mlio mdogo, pa! Kisha harufu ya plastiki iliyoungua. Kompyuta ya mashine ya kuchonga ilikuwa imekwenda na maji.

Nikueleze mashine yenyewe, maana humo ndimo nilimonasa. Mtu aliyekatwa mguu tunampima kigutu chake, vipimo vinaingia kwenye kompyuta, na mashine inachonga umbo la kigutu hicho kwenye tofali la povu gumu. Juu ya umbo hilo tunavuta plastiki ya moto, tunapata kikombe, na ndani ya kikombe ndimo mtu anamoingiza kigutu chake atembee. Kikombe kikikosea unene wa ukucha tu, mtu anapata kidonda. Sasa, programu ya kuchonga ilitengenezwa na kampuni iliyofungwa zamani, na haikubali kukaa juu ya mfumo wowote isipokuwa ule uliokuwepo siku ilipozaliwa. Nikisema mfumo nina maana ile programu mama inayoiamsha kompyuta na kuipa akili. Na mfumo huo waliouunda wameshautupa mkono.

Ikanunuliwa kompyuta mpya. Nyeusi, nyembamba, ubavuni ina kioo, na ndani mna vitaa vinavyobadilika rangi kama duka la simu. Mzee Kesho aliipakata mwenyewe kama kitoto kichanga.

"Iwekee mfumo wetu ule ule wa zamani," akaniambia. "Ukimaliza, nenda salama. Barua yako nitaishikilia mpaka mashine izunguke."

Nikaona ni kazi ya asubuhi moja. Lo!

Chumba cha mashine hakina dirisha, kwa ajili ya vumbi la povu. Mlango una springi, ukiuachia unajifunga wenyewe, na feni inanguruma mpaka husikii mtu akikuita. Humo nikaingia na flashi yangu yenye mfumo wa zamani. Nikaichomeka, na mfumo ukaamka vizuri kabisa, ukaleta ukurasa wake wa kukaribisha, ukaniuliza nachagua lugha gani. Nikabonyeza. Kimya. Nikasukuma kipanya. Mshale umesimama katikati ya kioo kama nzi aliyekufia ukutani. Kumbe matundu ya kompyuta hizi mpya ni ya aina ambayo mfumo ule haujawahi kuyaona, kwa hiyo unapoanza tu kazi, kibodi na kipanya vinazimika. Swali liko mbele yako na huna pa kujibia. Nilizima nikawasha, nikazima nikawasha, mpaka nikahisi ni mimi ninayeulizwa.

Nikamwita Fundi Waya, yule anayeshughulikia kompyuta za hospitali nzima. Akatazama, akacheka kwa huruma. "Dada, hapa unamvisha babu viatu vya mjukuu."

Hata hivyo hakunikimbia. Alijaribu kuuweka mfumo wa zamani ndani ya mpya, uendeshwe humo kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Kwenye kioo mambo yalikwenda, tukashikana mikono. Lakini amri zilipotoka kwenda kwenye mashine zilichelewa njiani, kisu kikaruka, kikachimba shimo katikati ya povu. Kile kingekuwa kikombe cha mtu, kaka. Tukachomoa waya wa umeme.

Bi Plasta akaingia kati. Huyu ndiye mkongwe wetu, alikuwa akitengeneza vikombe kwa plasta na vidole vyake kabla mashine haijaja. "Nyinyi bonyezeni," akasema. "Nileteeni huyo wa kwanza kwenye benchi."

Wa kwanza kwenye benchi alikuwa mshonaji mmoja, mama wa makamo. Mguu wake wa kulia ulikwenda na sukari, na kikombe chake cha zamani kimepasuka. Cherehani yake ni ya kukanyaga. Kwa mguu mmoja, anasema, inakwenda kama mlevi, mishono yote inapinda. Alikuwa akija kila asubuhi na magongo yake, anakaa, anawashonea wauguzi vifungo kwa mkono ili asikae bure.

Bi Plasta akamzungushia bendeji yenye plasta. Nilikuwa namshikia beseni la maji, kwa hiyo niliona kwa karibu. Viwiko vya mikono vimevimba, vidole havikunjiki, na plasta haimsubiri mtu: ikiganda imeganda. Alirudia. Kikombe kilipotoka tukamvisha mshonaji, akasimama. Tulipomvua, pale mfupa unapoishia palikuwa pamewiva wekundu. Kwa mwenye sukari, wekundu ule ni mlango wa kukatwa tena.

Bi Plasta alikaa bombani akinawa muda mrefu kuliko plasta iliyokuwepo. Aliporudi alisema tu, "Mikono imestaafu kabla yangu."

Kaka, hapo ndipo nilipoona njia yangu ya kutokea. Neno moja tu: haiwezekani. Fundi Waya alishaanza kulisema mwenyewe. Kompyuta mpya haikubali, mfumo umekufa, kazi imenishinda. Mzee Kesho angeguna, angeandika kuomba mashine nyingine huko juu, na mimi ningekuwa kwako kabla ya tarehe yenu. Hakuna ambaye angenilaumu. Nilitoka kwenye kile chumba nikiwa nalo ulimini.

Mshonaji alikuwa pale pale kwenye benchi, sindano mdomoni. Akaitoa. "Imekuwaje, mwanangu?"

"Bado," nikamwambia.

Bado. Hata mimi nilijishangaa. Nikageuka nikarudi ndani, mlango ukajifunga nyuma yangu.

Fundi Waya alikuwa chini ya meza na tochi ya simu, anachungulia mgongo wa ile kompyuta. "Dada, njoo uone. Kuna tundu la duara hapa." Ni lile tundu la kibodi za kale, sijui waliliacha kwa kusahau au kwa huruma. Akaenda mapokezi akarudi na kibodi iliyokuwa kabatini, rangi imekuwa kama meno ya mvuta sigara. Tukaichomeka, tukawasha. Mfumo ukauliza lugha. Nikabonyeza, ukaenda mbele! Nilipiga kelele mpaka Bi Plasta akaja mbio akidhani nimekatwa na kisu.

Furaha ya maskini. Ukurasa wa pili ukaandika kwamba hauoni diski yoyote. Diski ya kisasa kwake ni kama haipo. Fundi Waya akaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa ya kompyuta, akailazimisha ifanye kazi kwa mtindo wa zamani. Tukaitoa diski mpya, tukafunga nzito ya zamani tuliyoitoa kwenye kompyuta mbovu ya stoo, na kadi, kile kibao cha ndani chenye tundu refu la kuchomekea waya wa mashine. Mfumo ukaingia. Picha imetanuka, herufi ni kubwa kama za kibao cha barabarani, sauti hakuna, lakini umeingia. Mtandao tuliukata makusudi, maana mfumo uliotelekezwa hauna ulinzi. Ukiuunganisha na dunia ni sawa na kulala mlango wazi. Tundu la mtandao tukaliziba kwa gundi. Kwa hiyo wifi pekee niliyebaki naye ni huyo mkeo.

Mashine ikazunguka, ikachonga. Karakana nzima tukasimama tukitazama povu linavyochukua umbo, hata Mzee Kesho alikuwa anapiga makofi. Nikangoja watu watawanyike, nikamwomba jibu la barua yangu.

"Barua ipi tena?" akasema. "Si umeona mwenyewe? Ikilala tena, nani ataiamsha?"

"Fundi Waya alikuwepo mwanzo mpaka mwisho."

"Fundi Waya anajua kompyuta, miguu haijui. Nitatafuta mtu, umfundishe."

"Lini?"

Akanitazama. "Kesho," akasema, wala hakuwa anatania.

Najua hawezi kunifunga kamba. Sheria iko upande wangu, ningechukua mkoba wangu nikaondoka hata sasa hivi. Na ndivyo nilivyopanga. Nilikuwa nishaandika nusu ya barua nyingine ya kukujulisha siku ya kuja.

Alhamisi tukamvisha mshonaji kikombe chake kipya. Akashika vyuma vya mazoezi, akaenda, akarudi. Akaviachia. Akatoka mpaka uani, akazunguka tangi la maji, wauguzi wakimtazama dirishani. Kisha akaja akakaa kwenye kiti, na bila kujijua akaanza kukanyaga sakafu, mguu wa kulia, wa kushoto, wa kulia, kama yuko kwenye cherehani yake. Tulimvua tukaangalia. Ngozi safi, hakuna wekundu.

Akiwa anaondoka alinishika kiganja. "Kikianza kunibana nikarudi, nitakukuta?"

"Utanikuta," nikamjibu.

Limenitoka hivyo hivyo, sikulipima. Tangu Alhamisi nalizungusha nitafute jinsi ya kulirudisha na sipati. Nikijiambia alikuwa anauliza kwa adabu tu, naona kile kigutu. Nikijiambia atakuwepo mwingine, nakumbuka yule mwingine ni yule wa kesho. Na kwenye benchi wameshakaa wengine.

Basi kaka, mpe mtu mwingine ile nafasi. Usiniombee waiongezee muda; wakiongeza nitaishi nikihesabu siku, nitakosea vipimo. Mshukuru mwenyewe kwa niaba yangu, mwambie koti langu lisishonwe.

Wala usinisifu, tafadhali. Mimi nimekasirika. Nimemkasirikia Mzee Kesho, nimeukasirikia umeme, na zaidi nimejikasirikia mimi kwa kuiweza ile kazi. Ningekuwa mzembe, leo ningekuwa nafunga mizigo. Naingia kile chumba asubuhi, mlango unajifunga, naamsha ule mfumo, na unaponiuliza jina langu nalichapa kwa nguvu mpaka ile kibodi ya njano inalia.

Jambo moja nakuomba. Mama sijamwambia. Ameshawatangazia majirani, na jana nilimkuta anapiga pasi sweta zangu za baridi. Ukipiga simu, zungumza naye mambo mengine. Hili niachie mimi nitamwambia, nikipata ujasiri.

Nisalimie wifi na uwakumbatie wanangu. Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Bi Plasta, ambaye hujamwona ila anakujua kwa maneno yangu, naye anakusalimu. Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe riziki isiyo na machozi, na siku moja atukutanishe meza moja.

Ni mimi mdogo wako, nakupenda na siji,

Kitinda