Kitambaa Juu ya Swichi

Jumatatu, 14 Julai 2025
Swichi ya mtandao ya Chemba imefika joto la nyuzi 61! Kompyuta yangu hapa Makole, Dodoma, inaziuliza swichi zote za wilayani kwa SNMP, lugha ya kukagua mitambo kwa mbali, kila dakika tano: upo? una joto gani? poti zipi, yale matundu ya waya, zinafanya kazi? Kibakwe inajibu vizuri. Chemba inaungua.
Nikampigia Uwesu, mlinzi anayeshika ufunguo wa chumba cha mashine. Ameifunika kwa kitambaa! Cha kufuma, cha maua, kama redio ya sebuleni. Kafuma mkewe. Anazuia vumbi, anasema. Nikamwambia akitoe, nikakata simu. Sikumwamkia. Mzee anayeivisha swichi sketi — shikamoo ya nini?

Jumanne, 15 Julai
Joto 38. Nimemwambia bosi Geofrey hatuhitaji mtu kule. Kila kitu nakiona na kukibadilisha nikiwa kitini. Akaniuliza kama nina uhakika. Swali gani hilo! Ijumaa anatangaza mkuu mpya wa kitengo, na eti Abeli wa meza ya jirani naye anatajwa. Abeli! Anayeogopa hata kubofya.
Nimeandika barua: kuanzia leo Uwesu asiguse kifaa chochote cha mtandao. Geofrey kasaini. Imekwenda.

Jumatano, 16 Julai
Abeli kanihubiria: kabla ya kuiamrisha swichi ya mbali, ipange ijiwashe upya baada ya dakika kumi, ili ukikosea irudi ilivyokuwa. Mwoga. Nikaendelea kula zabibu zangu.

Alhamisi, 17 Julai
Saa nne asubuhi. Mnada wa ng'ombe Chemba leo.
Niliona poti 24 haina kazi, nikaizima kwa usalama. Amri moja tu. Kumbe namba zinazosomeka kwenye SNMP hazifuati zilizoandikwa kwenye kasha — nimezima poti inayoleta mtandao kutoka Dodoma! Na amri ya kuiwasha inapita hapohapo. Nimejifungia nje, ufunguo uko ndani.
Naima, afisa mifugo, kapiga mara nne. Vibali vya kusafirisha ng'ombe havichapishiki. Malori yamepanga foleni, wachungaji wanamtukana yeye. Geofrey kauliza mbona Chemba ni nyekundu kwenye skrini. Nimesema matengenezo. Abeli kaangalia skrini yangu, kisha kaangalia pembeni. Afadhali angecheka.
Gari hadi kule ni saa kadhaa. Mtu akichomoa waya wa umeme na kuurudisha, swichi itaamka ilivyokuwa; sikuihifadhi ile amri. Mtu mwenye ufunguo.
Nimempigia. Nimemwamkia! Kaitikia marahaba polepole, kauliza habari za kazi, za nyumbani, za wazazi wangu. Nimejibu zote. Nikamwomba achomoe waya, ahesabu mpaka kumi, aurudishe.
"Barua inasema nisiguse, binti. Nimeibandika hapa mlangoni."
Nikasema mimi ndiye niliyeiandika.
"Lakini hukusaini wewe. Mpe simu aliyesaini, aniambie yeye."
Hana hasira hata kidogo. Anafuata barua yangu, neno kwa neno — na mimi ndiye niliyemwona mjinga.
Geofrey yuko chumba cha pili, mlango wazi. Hatua sita. Nami nimeketi hapa naandika shajara!
Uwesu hajakata simu. Nawasikia ng'ombe.