Leo Sikumfunika Eliza

Alhamisi, Kalemie. Mvua imepiga mabati tangu alfajiri, ikakatika saa nne. Sasa ni saa kumi na moja, ziwa limetulia, barabara ni matope matupu, na mimi sijashona hata mshono mmoja. Kuna gauni la bibi arusi linaningoja kwenye mashine. Litangoja. Nina furaha na nina aibu, zote mbili kwa pamoja, na sijui nianze na ipi.

Nianze na Eliza.

Eliza ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Tangu serikali ikataze majina ya Kizungu, kwenye karte yake ya kitambulisho ameandikwa Kabulo, lakini ukimwita Kabulo hageuki, anadhani unamwita mtu mwingine. Ni mtu wa kucheka. Akiwa mtoto alicheka hata kanisani, na mimi ndiye niliyekuwa nikifinywa kwa sababu nilikaa karibu naye. Nampenda kuliko ninavyomwambia. Ninachomwambia mara nyingi ni kwamba amefagia vibaya.

Miezi miwili sasa anakaa kwangu, kwa sababu anaanguka. Mumewe yuko Kabimba, kwenye kazi ya saruji, anakuja mwisho wa mwezi. Mtoto wao Neema ana miezi mitano, na hakai na mama yake. Yuko kwa bibi yake, Mama Mwavita, mama mkwe wa Eliza, nyumba ya nne kutoka hapa. Mara tatu kwa siku bibi anamleta anyonye, anamngoja, anamfunga mgongoni, anarudi naye. Tumesema ni kifafa. Mtu wa kifafa hapewi mtoto. Eliza ana sahani yake, ana kikombe chake, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Hakuuliza.

Juzi Mama Mwavita alisema Jumamosi anapanda lori kwenda Pepa na mtoto. Kaka yake huko ana ng'ombe, maziwa hayakosekani, Neema ataachishwa ziwa na kukulia kule juu. Hakusema kwa ubaya. Alisema huku akimfuta mtoto pua.

Eliza aliitikia tu, "Ndiyo, mama." Kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Sasa niandike lile linalonipa aibu.

Kwetu mtu akianguka, anafunikwa. Unachukua kitenge, unamfunika uso, unasogea, na wote mnangoja iishe. Ni heshima, watoto na wapita njia wasimwone. Na ni hofu pia, kwa sababu wanasema povu lake likikugusa na wewe utaanguka. Mimi nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Kitenge kilikaa kimekunjwa juu ya mashine, na Eliza akianguka nilikuwa nimeshamfunika kabla jirani hajatoa kichwa dirishani. Nilijisifu kwa wepesi wangu.

Jumanne nilimpeleka kwa Papa Kalunga, muuguzi mzee wa zahanati ya mlimani. Nilikwenda kuomba aongezewe dawa ya kifafa, maana anaimeza kila siku, inamlaza mchana kutwa, na bado anaanguka, tena zaidi. Mzee hakuandika chochote. Aliniuliza.

"Akianguka, macho yake inakuwa wazi ao inafungwa?"

Sikujua.

Midomo inageuka rangi? Sikujua. Kichwa kinatikisika kwenda upande gani? Inachukua muda gani? Inakatika na kurudi, au inakwenda moja kwa moja? Mimi, mtu mwenye jibu la kila kitu hadi la mambo ya jirani, nilikaa pale na mkoba wangu mapajani, sina hata jibu moja. Nilimwambia kwamba huwa tunamfunika.

Papa Kalunga alivua miwani. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. "Mama, mara ingine usimufunike. Umulalishe upande, utoshe vitu vigumu karibu yake, uviweke mbali, usimuwekee kitu mu kinywa. Halafu uangalie. Uangalie na saa."

Leo ndiyo ikawa mara nyingine.

Mvua ilipokatika, Mama Mwavita alifika na Neema. Mtoto alikuwa anakohoa. Si kikohozi kikubwa, mafua tu, lakini nilimwona Eliza akibadilika. Alinyonyesha nusu, akamrudishia bibi yake mtoto, akasugua vidole kama vimeingia ganzi, kisha akateremka polepole kwenye mkeka na mwili ukaanza.

Mkono wangu ulikwenda kwenye kitenge wenyewe. Mama Mwavita alikuwa ameshafika mlangoni, amemkumbatia mtoto, akasema, "Mumufunike."

Sikumfunika.

Nilisukuma meza, nikaangalia saa ya ukutani, nikakaa chini. Niliogopa, nakiri. Niliogopa povu, niliogopa kwamba nikimtazama nitaona kitu ambacho sitaweza kukisahau. Halafu nikaona uso wa mdogo wangu.

Macho yalikuwa yamefumbwa, tena kwa nguvu, kama ya mtoto anayekataa dawa ya macho. Midomo ilikuwa na rangi yake ya kila siku. Kichwa kilikwenda kulia na kushoto, kulia na kushoto, kama mtu anayesema hapana. Mikono ilitikisika, ikatulia, nikafikiri imekwisha, ikaanza tena. Povu nililoliogopa miezi yote hii halikuwapo. Kulikuwa na machozi. Yalitoka chini ya kope zilizofumbwa na kushuka mpaka masikioni, na nikajiuliza ni mara ngapi yalishuka hivyo chini ya kitenge changu.

Nilimshika mkono. Likanitoka jina ambalo hatujalitamka katika nyumba hii tangu mwaka jana. "Mama Riziki," nikamwambia, "niko hapa. Mama Riziki, hakuna mutu anakufukuza."

Riziki ni mtoto wao wa kwanza. Alikufa kwa surua, iliyoanza kwa kikohozi tu, akiwa na miaka miwili. Eliza alikuwa na mimba ya Neema, na mwenye mimba haendi kaburini, wala halii kwa sauti, asije akaumiza kilicho tumboni. Alitii. Alikaa ndani na mikono mapajani siku zote za matanga. Tulimsifu kwa nguvu zake. Baada ya hapo tukaacha kumwita Mama Riziki ili tusimtoneshe, tukamwita Eliza, na Neema alipozaliwa tukafurahi kwamba amepata jina jipya, Mama Neema.

Mikono ilipungua. Ikarudi kidogo, ikapungua tena. Saa ilionyesha zimepita dakika kumi na saba. Alifungua macho akanitazama mimi, si ukuta, na akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Nilipogeuka, Mama Mwavita hakuwapo mlangoni. Alikuwa amekwenda na mtoto.

Eliza alipokunywa maji aliniambia mimi dada yake, "Yaya, nilikuwa ninakusikia."

Nikamuuliza, leo tu?

"Kila mara. Siwezi kujibu, siwezi kusimamisha mwili, lakini ninasikia."

Nikahesabu haraka yote niliyowahi kusema huku nimesimama juu yake na kitenge kikiwa usoni pake. Kuna siku nilimwambia jirani kwamba afadhali Neema akae na bibi yake moja kwa moja, huyu hana tena nguvu za kulea. Nilisema hivyo kwa sauti yangu hii ya sokoni. Nikamuuliza kama alisikia na hilo. Alitazama mkeka.

Nilimwomba msamaha. Sijui kuomba msamaha, nilianza kwa kumwambia kanga yake ina madoa. Lakini nilifika.

Saa saba tulipanda mlima kwa Papa Kalunga, matope mpaka kwenye vifundo. Nikamweleza kila kitu, na safari hii nilikuwa na majibu hata ya maswali ambayo hakuuliza. Alisema mara nyingi mtu wa kifafa anakuwa macho wazi, anakakamaa kisha anarushwa kwa mapigo yanayofanana, midomo inapiga weusi, dakika moja au mbili, halafu analala usingizi mzito na hakumbuki kitu. Alama moja haitoshi kuhukumu, na wapo wenye vyote viwili, kwa hiyo dokta atamwona Jumatatu. Lakini haya niliyoyaona yanafanana na mianguko ya namna nyingine, ambayo haitoki kwenye ugonjwa wa kifafa. Hutokea pale mtu anapobeba jambo lililomzidi. Si kwa kila mtu sababu inaonekana, alisema, ila kwa huyu tuanze na huzuni yake.

Nilimuuliza lile nililoogopa kuuliza mbele ya Eliza, na nikaliuliza mbele yake. Basi anajifanya?

"Hapana. Hajifanyishe hata kidogo. Ile ndiyo mwili inafanya yenyewe, sawa vile mutu anatetemeka na baridi. Unaweza kumuambia aache kutetemeka?"

Eliza alishusha pumzi ndefu sana. Nadhani na yeye alikuwa akijiuliza.

Dawa asiache ghafla, dokta ndiye atakayeipunguza pole pole. Vidole vikianza ganzi, amlaze mtoto kwenye mkeka, akae, akanyage chini kwa nguvu, ataje vitu anavyoviona mbele yake. Anyonyeshe akiwa ameketi chini, na mtu mzima awemo nyumbani. Na azungumze habari za Riziki, kidogo kidogo, na mtu atakayemsikiliza. Mzee alinitazama aliposema kusikiliza. Niliona.

Tuliporudi, Mama Mwavita alikuwa ameketi barazani kwetu, Neema mapajani. Nilijiandaa kwa vita, nikapanga maneno njia nzima kutoka kona ya kisima. Hayakuhitajika. Alimwangalia Eliza, akasema, "Niliona machozi." Kisha akasema, "Na miye sijamulilia yule mutoto. Nilikuwa ninakuchunga weye, usilie."

Yule mama alimzika mjukuu wake kwa macho makavu, kwa ajili ya tumbo la mkwe wake. Na mimi nilikuwa namwita moyo wa jiwe, hapa hapa, kwenye kurasa za nyuma za daftari hili.

Eliza aliketi chini karibu naye. Walilia wote wawili, barazani, mchana, watu wakipita. Nilisimama nikiwa na maneno yangu yote niliyoyapanga, na mwishowe nikaketi na mimi.

Nilimweleza Mama Mwavita yote ya Papa Kalunga, ganzi, mkeka, mtu mzima nyumbani. Alisikiliza akitikisa kichwa. Sidhani ameelewa yote. Hofu yake haijaisha, wala yangu. Aliuliza tu nani atakuwa nyumbani mchana. Nikamwambia ni mimi, mashine yangu iko hapa, naenda wapi. Akamweka Neema mikononi mwa Eliza, akatazama jinsi alivyoketi, akamrekebisha kiwiko. "Lori ya Pepa iende," akasema. Akaondoka kwa miguu yake katikati ya matope, mgongo mtupu.

Najua Eliza ataanguka tena. Huenda kesho. Nitakaa chini nimshike mkono, na kesho nitamwambia anisimulie Riziki tangu siku aliyozaliwa, na nitajaribu kunyamaza mpaka amalize. Hilo la kunyamaza ndilo nina mashaka nalo.

Neema ameanza kulia chumba cha pili. Nimeshainuka nusu. Nimekaa tena.

Mama yake yupo.