Jina Nililokatazwa Kumwita Binti Yangu

Mama,

Shikamoo. Ungeniona sasa ungecheka. Nimekaa kwenye kigoda chako, nje ya nyumba yako hapa Balangdalalu, nakuandikia barua wewe ambaye hukuwahi kusoma hata herufi moja. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho tulichoelewana nacho, wewe Mbarabaig na mimi mkweo Mmbulu, kila mtu akikivunja kwa namna yake. Tumerudi, Mama. Mwanao, mimi na watoto, sote wazima. Tumerudi na hatukukukuta.

Ulituaga umenuna. Mashamba ya ngano ulikuwa umeyanunia tangu yalipomeza malisho yako, na sasa shamba lilelile lilikuwa linampeleka mwanao Kanada, akajifunze kutengeneza kombaini za kuvunia. "Wamekula majani, sasa wanakula na mtoto," ulisema. Halafu ukampaka mafuta ya ng'ombe kichwani Paulina wetu, aliyekuwa ndiyo kwanza anatembea, ukageuka ukaenda kukamua. Nilijua hukutaka tukuone unalia.

Huko nako kuna ngano mpaka macho yanachoka, kama mashamba yetu ya Basotu tu, ila wakati wa baridi ng'ombe wanafungiwa ndani na hakuna mtu anayewaimbia. Paulina nilikuwa namvisha nguo juu ya nguo mpaka mikono haikunjiki, na kila nikimaliza kufunga kifungo cha mwisho anasema anataka kwenda chooni. Kila asubuhi, Mama! Nikamfundisha kuamkia wakubwa, akawa anampa shikamoo hadi dereva wa basi la shule, na yule mzee akazoea, asiposikia shikamoo haondoi gari. Ugali nilisonga kwa unga niliouona dukani, wa njano, na Baba Paulina akala huku ananung'unika. Kwa kunung'unika huko hahitaji kipimo cha damu, ni mwanao.

Kisha akazaliwa huyu wa pili. Mwanao alikuwa amekukumbuka mno siku zile. Karani wa hospitali alipomuuliza mtoto anaitwa nani, akataja jina lako, papo hapo, bila kufikiri. Akaja kitandani kwangu anang'aa. Ulinifundisha mwenyewe nilipoolewa: mke wa nyumba hii halitaji jina la mama mkwe, mbele yake wala nyuma yake, awe hai au amekufa. Nikamuuliza, "Sasa mimi nitamwitaje?" Akashika kichwa. Mwanamume anayefungua injini nzima na kuirudisha, hilo hakuliwaza! Lakini kusema kweli sikutaka lifutwe. Lilimkaa mtoto vizuri.

Nikawa namwita Mama. Majirani wakadhani ndilo jina lake, wakawa wanamsalimia hivyo. Palipotakiwa jina kamili, Paulina ndiye aliyelitaja. Siku moja nikampeleka mdogo kuchanjwa, Paulina yuko shule. Nesi akauliza jina la mtoto. Nikanyamaza. Akauliza tena, polepole, akidhani Kiingereza kimenishinda. Nikatabasamu. Akaja nesi mwingine, akaja daktari, wakaanza kumwangalia mtoto, wananiangalia mimi kama mwizi wa mtoto. Wakampigia simu baba yake. Alifika na ovaroli yake ya grisi, akalitaja jina, akawaeleza desturi yetu, na njia nzima ya kurudi nyumbani alicheka peke yake. Mimi sikucheka. Mtoto nimemzaa, namnyonyesha, halafu nimwite kama mtu wa kuazima?

Mwenzake Baba Paulina wa kazini alipokuja kozi akatuletea salamu zako. Alisema ulipoambiwa habari ya jina ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukasema, "Mwambie Mmbulu wangu avumilie. Akiniletea huyo mtoto, nitamfungua mdomo mwenyewe, alitaje." Basi nikavumilia. Nilikuwa napiga picha ya siku hiyo kichwani nikiosha vyombo.

Halafu simu ikapigwa kule karakana alikojifunzia. Baba Paulina alirudi nyumbani mchana, kofia mkononi, na ulikuwa umeshazikwa. Nilikulilia wewe, Mama. Na, unisamehe, niliulilia pia mdomo wangu. Tangu siku hiyo jina lako lilimshinda hata yeye, naye akaanza kumwita mtoto Mama. Paulina akatufuata. Mwaka uliobaki hakuna aliyelitaja tena nyumbani kwetu, na mimi nikawa naogopa kwamba mtoto atalisahau, na litakuwa limekufa mara mbili.

Hapa nyumbani mengi yamebadilika. Njia ya ng'ombe ya kwenda ziwani imelimwa, wanazunguka mbali. Yule mweusi wako mkorofi amezaa, na bado anapiga teke. Mdogo wako amehamia kwenye nyumba yako, anakemea watu kama wewe.

Ni yeye aliyeniita jana baada ya kukamua. Akanikalisha kwenye ngozi, akanipaka mafuta kwenye paji la uso na midomoni. Akasema, "Dada alisema atakufungua. Mimi na yeye ni tumbo moja. Nakufungua. Haya, mwite mtoto wako."

Mtoto alikuwa zizini, amemkumbatia ndama shingoni. Nikafungua mdomo. Nikaita jina lako lote, kwa nguvu. Paulina akasimama na ndoo mkononi. Baba yake akageuka upande wa pili. Mdogo wako akajifunika shuka usoni.

Na yule mtoto akainua kichwa. "Abee mama!" Akaja mbio, miguu imejaa mavi ya ng'ombe, kana kwamba nimekuwa nikimwita hivyo tangu azaliwe.

Hapa kwenye karatasi sitaliandika. Nimefunguliwa kumwita yeye, si wewe, na heshima yako iko palepale. Lala salama, Mama. Nakuahidi hili moja: kila asubuhi ng'ombe wakitoka, nitaliita kwa sauti kubwa mbele ya mlango wako, na kutakuwa na wa kuitika.

Mkweo,
Mama Paulina