Ceniza Amewika

Punta Arenas, 6 Julai 1970

Kwa wifi yangu Otilia,

Salamu nyingi. Hujambo, na magoti yako hayajambo? Mimi mzima, ila meli imenitikisa mpaka nikatapika hata chai ya mwezi uliopita. Likizo ya baridi ni fupi na shule ikifunguliwa watoto watanitaka darasani, kwa hiyo sina nafasi ya kuugua.

Binti yangu Rosalba amekuwa mzito sana. Mkunga anasema mtoto amekaa vibaya tumboni. Wifi, watoto wake wawili tumeshazika. Huyu naye akienda, naogopa mama yake atamfuata.

Sasa kuku wangu. Asubuhi wapondee viazi, viwe na moto kidogo. Funga banda mapema, paka-mwitu hana likizo. Mayai kula, ila kila kiota kiachie yai moja, wasije wakakihama. Ceniza, yule wa rangi ya jivu, ndiye pekee aliyebaki katika kuku wa marehemu kaka yako. Mpapase mgongo kwa niaba yangu.

Wifi yako,
Edelmira

*

Aldachildo, 12 Julai 1970

Kwa wifi Edelmira,

Salamu zimefika. Mimi sijambo, magoti yanalia kama mlango mbovu, mvua haijakatika tangu uondoke. Mimi niliyekufundisha kupika, leo wanifundisha kuponda viazi. Haya, mwalimu.

Jana alfajiri nilisikia jogoo akiwika kwako. Nikakumbuka jogoo tulimla Sikukuu ya Mtakatifu Yohane, wewe ukachukua paja. Nikatoka na taa. Alikuwa Ceniza, juu ya rundo la kuni, shingo ameinyoosha kuelekea mlango wako. Aliwika tena huku namtazama, na sauti ilikuwa ya jogoo mzee.

Unajua kama ninavyojua mimi. Kuku jike akiwika anaita kifo kije kwenye paa analolala chini yake, kimchukue mwenye paa au mtu wa damu yake. Dawa yake ni kisu siku ileile, kwa mkono wa mwenyewe au kwa ruhusa yake. Mkono mwingine ukimchinja bila ruhusa, mambo yanazidi. Nikamfikiria Rosalba, nikakaa chini palepale kwenye tope.

Naomba neno lako haraka.

Wifi yako,
Otilia

*

Punta Arenas, 18 Julai 1970

Wifi Otilia,

Nisamehe, leo sina salamu ndefu. Barua yako imefika sasa hivi. Mchinje. Nakupa ruhusa kwa mdomo wangu na kwa mkono wangu huu, mchinje leo, hata kama ni wa kaka yako.

Rosalba sijamwambia. Uchungu umemwanza mapema, unakuja na kuondoka, na mkunga haniangalii usoni.

Edelmira

*

Aldachildo, 21 Julai 1970

Kwa wifi Edelmira,

U hali gani, na mwanetu je? Huku dhoruba tupu. Hakuna chombo kilichofika wala kuondoka, neno lako silioni, na hii nayo itangoja bahari itulie.

Anawika kila alfajiri. Akianza, wenzake wanaacha kula na kugeukia upande mmoja, kusini, huko mliko. Jana nilipowamwagia viazi hakuna aliyeinama. Niliogopa, wifi, sitakuficha.

Kumchinja siwezi bila wewe. Lakini kumhamisha hakuna aliyenikataza. Jana jioni nimembeba, sasa analala kwangu, kando ya jiko. Nimemwambia, "Kama una mtu wa kumwita, mwite huyu mwenye paa hili. Viazi ameshakula vya kutosha."

Asubuhi ya leo amewika jikoni kwangu. Hakutazama tena kusini. Alinitazama mimi.

Usiandike kunigombeza, utaharibu karatasi.

Wifi yako akupendaye,
Otilia

*

Aldachildo, 9 Agosti 1970

Kwa wifi yangu Otilia,

Nakusalimu, ingawa sijui huko mnajuliana hali vipi. Barua hii nitaiweka ndani ya kijumba tulichokujengea juu ya kaburi, karibu na mshumaa, isilowane.

Mtoto alizaliwa tarehe ishirini na mbili alfajiri. Alitoka bluu, kimya, mkunga akamfunika kitambaa na Rosalba akageukia ukuta. Kisha kitambaa kikatikisika, akalia. Ni msichana, ananyonya kwa fujo, tumempa jina lako. Barua yako ya mwisho ilinikuta gatini nikipanda meli ya kurudi. Nililia safari nzima, watu wakadhani ni mawimbi.

Jirani yetu don Eleuterio ndiye aliyekukuta, alfajiri hiyohiyo aliyozaliwa mtoto. Ulikuwa umekaa kando ya jiko na viazi ulivyokuwa ukimenya, Ceniza amelala mapajani mwako. Ruhusa yangu ilifika kisiwani siku waliyokuzika.

Kisu nimekinoa, nikakirudisha. Hajawika tena. Ila kila jioni anakataa kuingia bandani, anavuka uwanja na kusimama mlangoni kwako. Jana nilimfuata nimrudishe. Mlango niliokuwa nimeufunga kwa ufunguo ulikuwa wazi, yeye yuko ndani kando ya jiko, kimya, macho ameyafumba. Na jiko lilikuwa na moto.

Kisha nikaurudisha mlango polepole, nikamwacha.

Kama ni wewe, wifi, mpapase mgongo kwa niaba yangu. Na kiotani mwachie yai moja.

Wifi yako,
Edelmira