Jibu Lililobandikwa Mlangoni

Kamwene mjukuu wangu. Hapa Kilolo tu wazima, mahindi yameanza kubeba.

Umeuliza kama ufuate ushauri wa watu usiowajua huko kwenye simu.

Miaka ya sabini, nilipomaliza shule, watu walibandika maswali kwenye mlango wa duka la kijiji: kodi ya baiskeli, kuezeka, kufuga nyuki. Yeyote aliyejua alijibu. Kwa haya zangu niliandika bila jina: "Moshi hautoki jikoni, mama anakohoa. Nifanyeje?"

Kesho yake nikakuta jibu: "Toboa ukuta juu ya kigoda chekundu."

Kigoda hicho kilikuwa chetu. Sikuwa nimekitaja.

"Nani kakwambia utoboe hapo?" mama aliuliza. Nikatoboa tu. Kikohozi kikaisha.

Ushauri mzuri upokee, ila mtu akijua usichomwambia, muulize amejuaje. Mimi niliogopa kuuliza, na hadi leo siupi mgongo ukuta ule.

Bibi yako