Pumzi ya Zuena

Mikumi,
Jumanne, baada ya kuanua mashuka

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomtumia Ramadhani akuletee ilikufikia, au mwanao huyo aliimalizia kwenye miguu yake ya mpira? Na muhogo wa bondeni mmeuvuna, au nguruwe pori wamewatangulia? Mimi mwili ni mzima, kula nakula. Mengine utayasoma humu.

Barua hii anakuletea Mjomba Hamisi mwenyewe. Kazi ya kuvuna mpunga kule Kilangali imekwisha, na keshokutwa anapanda treni Kilosa kurudi Uvinza. Nimeandika kwa sababu haya siwezi kuyasema kwenye simu huku Ramadhani ameweka spika na majirani wametega masikio. Vaa miwani usome mwenyewe, tafadhali. Asikusomee mtu.

Kazini hakuna jipya. Madereva wa malori wanalala, wanaondoka alfajiri, mimi nafua mashuka na kudeki vyumba. Juzi tembo walivuka barabara, magari yakasimama foleni, na wageni wawili wakaghairi safari wakalala kwetu. Mama Shabani mwenye nyumba ya wageni hana neno na mimi. Mama yake, Bibi Mwanahawa, amekuja kutoka Rudewa kutibiwa macho. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili, anaona ukungu tu, lakini ulimi wake hauna ukungu hata kidogo. Ananiita mjukuu na kunitania kwamba sisi watu wa Kigoma tunapika mawese mpaka kwenye chai.

Sasa, Mama, ile tamthilia ya Kiindonesia uliyoniuliza. Ile aliyoiwekea sauti ya Kiswahili marehemu mdogo wangu Zuena.

Nikwambie ukweli, ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Tangazo lake lilipigwa miezi na miezi. Vijana wa bodaboda walijua jina la Wulani, yule mwanamke mkuu wa hadithi, kabla hawajamwona hata akitembea. Siku ya kwanza pale mapokezi kwenye televisheni hapakuwa na pa kuweka mguu. Mimi nilikaa mbele kabisa na khanga yangu mpya, kama niko harusini. Nilijua kila mtu atamsikia Wulani, mimi nitamsikia Zuena.

Nilimsikia, Mama. Alisema, "Karibu ndani, mvua inanyesha," na mimi nikalia mbele za watu. Ilikuwa sauti yake kabisa, ile ya kuburuza mwisho wa neno.

Lakini hadithi yenyewe ni bure. Mlango unafunguliwa Jumatatu, mtu anaingia Jumatano. Mama mkwe kila siku yuko nyuma ya pazia anasikiliza siri, wala hachoki miguu. Mtu akishtuka wanamwonyesha uso mara tatu na radi zinapiga, na mvua hakuna. Nikavumilia kwa ajili ya mdogo wangu. Hata wiki mbili hazijaisha, Wulani akagongwa na gari. Akalazwa hospitali, macho yamefumba, mipira puani. Akawa hasemi tena.

Wiki zikapita, kalala. Wengine wanagombana, wanaoana, wanaporana kiwanda, kisha wanarudi kumlilia kitandani na wanja haujafutika. Watu wakaanza kutoka mmojammoja. Dereva mmoja wa bodaboda akasema kwa sauti, "Si afe tu tujue moja!" Nilitamani kumrushia kandambili. Bibi Mwanahawa akanitangulia: "We kijana, mgonjwa hasemwi hivyo."

Watu waliona Wulani amenyamaza. Mimi nilijua hajanyamaza. Zuena aliwahi kuniambia kwenye simu, "Dada, kila kinachotoka kinywani mwa yule mwanamke nakitoa mimi, hata akipiga chafya." Nikasogea karibu na televisheni nikasikiliza. Unakumbuka anavyolala mwanao? Anavuta pumzi, anakata, anavuta tena kidogo, ndipo anaachia. Nimelala naye kitanda kimoja tangu alipoacha ziwa mpaka alipoondoka kwenda Dar, siwezi kukosea. Mwanamke wa Kiindonesia amelala kwenye kioo, na anayehema ni Zuena.

Basi kila jioni baada ya Magharibi nikawa naenda kukaa na pumzi. Tulibaki wawili, mimi na Bibi. Siku moja umeme ukakatika, televisheni ikazimika, na pumzi ikaendelea. Nilisimama gizani nasikiliza: anavuta, anakata, anavuta, anaachia. Kisha Bibi akanishika mkono.

"Mjukuu wangu, mbona unahema kama yule mgonjwa?"

Nilijaribu kuhema kwangu kwa zamani, kukanipotea.

Akaniuliza, "Yule binti pale ana mama?"

Nikasema, "Anaye, Bibi. Lakini ni tamthilia tu."

"Mimi hizo tamthilia zenu sizijui, nasikia tu. Kwetu mgonjwa akihema hivyo siku nyingi, haendi harudi, watu wazima hukaa wakaulizana: nani hajampa radhi? Akipatikana, anaitwa aje aseme. Hazipiti siku mbili, mgonjwa amepumzika."

Mama, nilikwenda chooni nikafunga mlango nikakaa humo mpaka walipoanza kunigongea.

Baadaye ikatangazwa kwamba Wulani atazinduka. Mapokezi yakajaa tena, hata wale waliosusa wakarudi na karanga zao. Wulani akafumbua macho, muziki ukapanda, akafungua mdomo akasema, "Mama, nimerudi."

Haikuwa sauti yake. Ilikuwa sauti nene, nzuri tu, ya mtu nisiyemjua. Nadhani walipofika hapo kurekodi, ile homa ilikuwa imeshamchukua Zuena, wakatafuta mwingine. Sikuambiwa, na nani angeniambia? Watu walipiga makofi na vigelegele, hakuna aliyegutuka. Ni Bibi Mwanahawa tu, asiyeona ule uso, aliyegeuka upande wangu akauliza, "Huyu aliyeamka ni nani? Na yule aliyelala wamempeleka wapi?"

Tangu siku hiyo sitazami tena. Wulani anaongea mpaka anakera, sasa ana kiwanda na mchumba mpya. Lakini Mama, jana mchana kweupe, jua linawaka, nilikuwa chumba namba sita nikitandika kitanda. Mgeni ameshaondoka, dirisha liko wazi. Nilipogeuka kuchukua foronya nikasikia nyuma yangu kitandani: anavuta, anakata, anavuta tena, anaachia. Sikugeuka. Nilitoka kinyumenyume nimeishika ile foronya, na chumba kile leo kimelala hakijatandikwa. Nimemwambia Mama Shabani kitasa kimeharibika.

Pengine ni mimi mwenyewe nilikuwa nahema. Sijui, na naogopa kujua.

Ulisema mkimaliza muhogo utapanda treni uje umsikie mwanao, hata neno moja. Mama, usije kwa hilo. Zile siku alizosema zimepita, na anayesema sasa si wetu. Sitaki ukae pale mapokezi umwone mtu akikuita mama kwa sauti ya kuazima.

Wewe unataka kumsikia. Mimi naona yeye ndiye anayetaka kukusikia wewe. Nilikuwepo alipofunga begi lake, ukamwambia, "Nenda, ila radhi yangu haiendi nawe." Na siku ya msiba, shehe alipotuma watu waje ndani kwa wanawake kuuliza kama tumemsamehe marehemu, wote tuliitikia. Wewe ulijifunika khanga usoni. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwako, Mama. Nilidhani ni kilio. Sikuthubutu kukuuliza siku ile, na leo nakuuliza kwa karatasi kwa sababu ana kwa ana nisingeweza.

Sikufundishi dini wala sikukosei adabu. Kama nimevuka mpaka, nichape nikija Idi. Lakini ukishamaliza kusoma, ingia ndani, mtaje kwa jina lake, sema umempa radhi. Iseme kwa mdomo, usiiwaze tu moyoni. Mimi nimechoka kumpumulia.

Nisalimie Baba Mdogo na macho yake mekundu ya jiko la chumvi, mwambie apunguze ubishi. Shangazi mwambie vitenge nimeviona ila rangi ya kahawia aliyoitaka hakuna. Wifi yangu mke wa Ramadhani nampa hongera ya uzazi, na mtoto nambusu. Wote wasalimie, mmojammoja kwa jina.

Zuena simtumii salamu. Salamu zake unazo wewe.

Ni mimi mwanao mkubwa,
Siwema